Wenye Hisa wa Mrima ni Akina Nani?

Mtu aliyenunua hisa mia moja tu za kampuni ya madini huko Vancouver au Perth ana haki ambazo mkulima wa Mrima hajapata kuzionja. Mkutano wa kampuni unapokaribia, hupelekewa barua ya mwaliko. Hesabu za mwaka huwekwa mbele yake. Akishindwa kuhudhuria, humteua mwingine ampigie kura. Na kampuni inapofikwa na jambo zito, kama vile leseni yake kufutwa na serikali ya kigeni, sheria za soko la hisa huwalazimisha wakurugenzi kulitangaza jambo hilo bila kukawia. Hapo ndipo mjadala huanza. Je, tuishtaki serikali hiyo au tukubali hasara? Fedha za mawakili zitoke wapi? Tukishinda, tutagawana nini, na tukishindwa, nani atawajibika? Hata mwenye hisa mdogo kabisa anaweza kusimama na kuuliza maswali hayo mbele ya wakurugenzi na mbele ya wenzake wote.

Sisi hatuwaonei kijicho wenye hisa hao. Tunauliza swali moja tu. Ikiwa mtu aliye ng'ambo ya bahari anajadili hatima ya kilima ambacho hajawahi kukiona, ni kwa nini aliyezaliwa chini ya kilima hicho aisikie habari yake redioni, baada ya mambo yote kwisha kukatwa?

Kilima tunachokisema kiko katika Kaunti ya Kwale, kusini mwa Pwani yetu, si mbali na mpaka wa Tanzania. Kinaitwa Mrima. Juu yake pana msitu, na ndani ya msitu pana kaya, mahali patakatifu pa Wadigo. Sheria za Kenya zilikilinda kilima hicho kwa njia tatu: kama msitu wa hifadhi, kama hifadhi ya viumbe asilia, na kama turathi ya taifa. Lakini chini ya mizizi ya miti ile pana hazina. Pana niobiamu, ambayo hutiwa katika chuma ili kukipa nguvu. Pana pia yale yanayoitwa madini adimu, ambayo ulimwengu wa leo unayatafuta kwa hamu kubwa, kwa kuwa ndiyo yanayotengeneza sumaku za magari ya umeme na za mitambo ya upepo. Na katika udongo uo huo mna thoriamu, yenye mionzi. Kwa hiyo kukichimbua kilima hicho si jambo la mzaha. Linagusa msitu, linagusa imani ya watu, na linagusa maji wanayokunywa na vumbi wanalolivuta.

LESENI YA SIKU TATU BAADA YA KURA

Tuyaeleze mambo kwa utaratibu, maana kesi hii imezungumzwa sana kwa kunong'onezana, na mnong'ono haujengi taifa.

Tarehe 4 Machi 2013 Wakenya walipanga foleni tangu alfajiri kuchagua viongozi wao, uchaguzi wa kwanza chini ya Katiba ya 2010. Tarehe 7 Machi, kura za urais zikiwa zingali zinajumlishwa kule Bomas, na macho ya taifa zima yakiwa yameelekezwa huko, Kamishna wa Madini alitoa leseni maalumu ya kuchimba, nambari 351. Leseni hiyo ilipewa kampuni iitwayo Cortec Mining Kenya.

Kampuni hiyo iliandikishwa hapa nchini, lakini hisa zake zilikuwa mikononi mwa kampuni mbili zilizoandikishwa Uingereza. Nyuma ya ile iliyoshika hisa nyingi zaidi kulikuwa na kampuni ya Kanada, Pacific Wildcat Resources, ambayo hisa zake ziliuzwa katika soko la hisa la nchi hiyo. Hivyo ndivyo kilima cha Wadigo kilivyogeuka kuwa karatasi inayonunuliwa asubuhi na kuuzwa jioni na watu ambao hawajui Kwale iko upande gani wa dunia. Kwa makadirio ya Cortec yenyewe, madini adimu ya Mrima yalikuwa na thamani ya dola bilioni 62.4. Makadirio ya namna hiyo ndiyo yanayopandisha bei ya hisa.

Mnamo Agosti 2013 Najib Balala, aliyekuwa Waziri wa Madini katika serikali mpya, alitangaza kufutwa kwa leseni za madini zilizotolewa kati ya Januari na Mei mwaka huo. Leseni ya Mrima ilikuwa miongoni mwazo. Kampuni ikaenda mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba leseni ile ilitolewa kinyume cha sheria, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuugeuza uamuzi huo.

Katika nchi nyingi mambo yangeishia hapo. Lakini mwenye hisa wa kigeni ana mlango mwingine ambao mwananchi hana. Mwaka 1999 serikali yetu ilitia sahihi mkataba na Uingereza wa kulinda vitega-uchumi. Chini ya mkataba huo, mwekezaji kutoka Uingereza anayeona kwamba amedhulumiwa anaweza kuishtaki Kenya mbele ya Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji, kilicho chini ya Benki ya Dunia mjini Washington. Kesi haiamuliwi na majaji wetu, bali na wasuluhishi watatu. Cortec na wenye hisa wake wawili wa Uingereza waliupitia mlango huo mwaka 2015. Walidai zaidi ya dola bilioni 2.

Ndugu zetu, tukae kidogo na hesabu hiyo. Hizo zingekuwa fedha za kila mmoja wetu: za mama anayelipa ushuru anaponunua unga, za mwalimu anayekatwa mshahara, za kijana wa bodaboda anayejaza petroli. Kwa miaka mitatu deni hilo lilining'inia juu ya vichwa vyetu, na wengi wetu hatukujua kwamba lipo.

USHINDI USIOSTAHILI NGOMA

Tarehe 22 Oktoba 2018 wasuluhishi walitoa uamuzi wao. Kenya ilishinda. Wadai hawakupata kitu, na wakaamriwa kuilipa Kenya sehemu ya gharama za kesi. Waliomba uamuzi huo utanguliwe, na mwaka 2021 ombi lao likakataliwa.

Lakini tuangalie Kenya ilishinda kwa hoja gani. Haikushinda kwa kuonyesha kwamba ilitenda haki tangu mwanzo. Ilishinda kwa kuonyesha kwamba leseni iliyotolewa na afisa wake yenyewe haikuwa leseni hata kidogo. Wasuluhishi waliona kwamba mradi ule ungeondoa kiasi cha tani milioni 130 za mawe na udongo kutoka kilimani, na kwamba hata hivyo hapakuwa na kibali halali cha mazingira kutoka kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Sheria zilizolinda msitu na hifadhi ile hazikufuatwa. Kwa kuwa leseni ilizaliwa nje ya sheria, hapakuwa na kitega-uchumi cha kulindwa na mkataba. Mbele ya sheria, ile ilikuwa karatasi tupu.

Serikali ilishangilia. Sisi pia tulishukuru kwamba hazina ya taifa ilinusurika. Lakini mwenye nyumba ambaye ameokoka na moto kwa sababu mtumishi wake aliyeuwasha alitumia kuni mbichi hapaswi kupiga ngoma. Anapaswa kumwuliza mtumishi: ni nani aliyekutuma kuwasha moto?

Swali hilo halijajibiwa kwa namna ya kumridhisha mwananchi. Ilikuwaje afisa wa serikali atoe leseni ya kukichimba kilima kinacholindwa na sheria tatu, bila kibali cha mazingira, siku tatu baada ya uchaguzi mkuu? Alidhani nani hataona? Je, leseni hiyo ingefutwa kama serikali haikubadilika? Mawakili wa serikali walisimama Washington na kueleza kwa ufasaha jinsi sheria zetu zilivyovunjwa. Ufasaha huo wangeuleta Kwale kabla ya sahihi kutiwa, pasingekuwa na kesi.

Na hapa tuwatendee haki hata wale wenye hisa wa ng'ambo. Si wote waliokuwa mabepari wenye mashavu mapana. Katika masoko hayo wamo pia watu wa kawaida, wastaafu na wafanyakazi wanaoweka akiba yao katika hisa za bei ndogo. Hoja yao inaeleweka. Wanasema: tulionyeshwa sahihi ya Kamishna na muhuri wa serikali, sisi tungejuaje kwamba muhuri huo hauna uzito? Jibu la wasuluhishi lilikuwa kwamba anayeingia katika nchi ya watu kutafuta mali hana budi kuzijua na kuzifuata sheria za nchi hiyo, na kwamba kibali cha mazingira si urembo wa kuongezwa baadaye. Sisi tunakubaliana na jibu hilo. Hata hivyo tunaongeza neno. Leseni inayotolewa gizani humdhulumu mwenyeji, na mwisho wake humdhulumu hata mgeni. Anayenufaika ni yule aliyesimama katikati yao, gizani.

Sisi tuliopigania mageuzi tunalijua giza hilo. Mwaka 1990 kampuni ya Goldenberg ilipewa haki ya peke yake ya kusafirisha dhahabu na almasi ya Kenya nje ya nchi, pamoja na kulipwa asilimia 35 kama fidia ya mauzo hayo. Bunge halikujadili kwanza, wala mwananchi hakuulizwa. Nchi isiyochimba almasi ikalipia almasi, na mabilioni ya shilingi yakatoweka. Tulipoambiwa habari hiyo, fedha zilikuwa zimekwisha kwenda. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenyewe lilikuwapo tangu hapo. Lilifungiwa tu katika mtoto wa meza wa mtu mmoja.

SI KILA LESENI HUFUTWA BURE

Wako wenzetu watakaosema: basi dawa ni rahisi, serikali ifute leseni za wageni wote, kwa kuwa Kenya ilifuta na ikashinda. Tunawasihi wasifanye haraka. Kenya ilishinda kwa sababu leseni ile ilikuwa batili tangu siku ya kutolewa. Leseni iliyotolewa kihalali, kisha ikafutwa kwa amri, ina gharama yake. Tutazame kwa jirani.

Mwaka 2017 Tanzania ilibadilisha sheria yake ya madini, na kanuni zilizofuata mwaka 2018 zikafuta leseni za kushikilia eneo, yaani leseni zilizoiruhusu kampuni kubaki na eneo ililokwisha kulifanyia utafiti huku ikingoja wakati ufaao wa kuchimba. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: rasilimali ziwanufaishe wananchi. Sisi hatuibezi nia hiyo hata kidogo. Lakini kampuni kadhaa zilikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Indiana Resources ya Australia, iliyokuwa na mradi wa nikeli wa Ntaka Hill huko Nachingwea, ilipewa ushindi wa zaidi ya dola milioni 109 mwaka 2023. Mwaka uliofuata pande mbili zilikubaliana malipo ya dola milioni 90. Winshear ya Kanada, iliyokuwa na mradi wa dhahabu, ilikubali dola milioni 30 mwaka 2023. Montero, nayo ya Kanada, iliyokuwa na mradi wa madini adimu wa Wigu Hill katika Mkoa wa Morogoro, ilikubali dola milioni 27 mwaka 2024. Kwa kampuni hizo tatu pekee, jumla ni dola milioni 147.

Fedha hizo zilikwenda wapi? Kampuni ndogo ya madini mara nyingi haina fedha za kuendesha kesi ya miaka mingi. Hutafuta mfadhili wa kesi, mtu ambaye kazi yake ni kulipia mawakili na kungoja sehemu yake ya ushindi. Indiana ilifanya hivyo. Mfadhili na mawakili huchukua chao, na kinachobaki wenye hisa hugawana. Hata kugawana huko huwa na mjadala: je, tugawane sasa, au fedha zibaki katika kampuni zikatafute madini kwingineko? Wanajadiliana, wanakubaliana, wanapokea.

Lakini mkulima wa Nachingwea hakuwa na kiti katika mjadala wowote. Hakuulizwa leseni ilipotolewa, hakuulizwa ilipofutwa, hakuulizwa serikali yake ilipokubali kulipa. Mgodi hakuupata, na kodi yake ikachangia fidia. Amepoteza mara mbili katika jambo ambalo hakutia neno lake hata mara moja. Tofauti kati ya Mrima na Ntaka Hill ni kwamba upande mmoja serikali ilishinda na upande wa pili serikali ililipa. Jambo moja halikutofautiana: pande zote mbili mwenyeji hakuwamo chumbani.

WAZEE WA KAYA WALIYOTUFANYIA

Tunajua kwamba wengi wanaosoma kurasa hizi ni watu wa kanisa. Basi tuseme jambo ambalo huenda likawakera baadhi yetu.

Wako miongoni mwetu wanaouliza: kwa nini Mkristo atetee kaya? Je, si mahali pa mizimu? Si afadhali msitu ule ufyekwe na shule ijengwe kwa fedha za madini? Tumelisikia swali hilo likiulizwa kwa nia safi, nasi tunalijibu kwa nia hiyo hiyo.

Kumbukeni Kenya ilishinda kwa sababu gani. Ilishinda kwa kuwa Mrima ilikuwa msitu uliolindwa, hifadhi iliyolindwa, na turathi iliyolindwa. Na ulinzi huo haukushuka kutoka mbinguni. Muda mrefu kabla ya kuwapo kwa NEMA na Gazeti Rasmi la Serikali, wazee wa kaya waliwakataza watu kukata miti ile, nao wakatii. Serikali ilipokuja na sheria zake, iliukuta msitu umesimama. Wazee hao hawajui njia ya kwenda Washington. Hakuna aliyewaita kutoa ushahidi mbele ya dunia. Lakini tunathubutu kusema kwamba mwiko wa wazee maskini wa Kwale ulisaidia kuiokoa hazina ya Kenya na deni la dola bilioni 2. Anayewadharau na awaonyeshe maprofesa na mawakili waliotufanyia zaidi ya hayo.

Tena, Maandiko yetu wenyewe hayatuachi tulale. Sote tunaijua habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Mfalme Ahabu hakukosa mashamba. Alitoa hata bei nzuri. Nabothi alikataa kwa kuwa lile lilikuwa urithi wa baba zake, na urithi si bidhaa. Kilichofuata ni barua zilizoandikwa kwa siri, zikapigwa muhuri wa mfalme, na baraza la uongo likaitishwa. Yeyote aliyewahi kuiona ardhi ya mnyonge ikichukuliwa katika nchi hii anazitambua barua hizo na muhuri huo. Nabii hakumwuliza Ahabu kama shamba lile lingezaa mapato zaidi likiwa bustani ya mboga. Alimwuliza juu ya damu na juu ya mali iliyochukuliwa. Maskofu, makasisi na wachungaji waliothubutu kuisema serikali katika miaka ya giza walikuwa wakisimama mahali pa nabii huyo. Kiti hicho hakipaswi kubaki kitupu kwa sababu tu mwenye shamba safari hii haendi kanisani kwetu.

TUNALOLITAKA

Mambo haya si ya kale. Katika miaka ya hivi karibuni jina la Mrima limeanza tena kutajwa katika ofisi za Nairobi na za ng'ambo. Mataifa makubwa yanashindana kutafuta madini adimu, na kampuni za kigeni zimekwisha onyesha hamu ya kilima hicho. Kesi imekwisha, lakini hazina bado iko pale pale, na tamaa nayo iko pale pale. Basi leseni ijayo itatolewaje?

Sisi hatusemi kwamba Mrima isichimbwe kamwe. Hilo si letu kuamua tukiwa Nairobi, kama vile si la Vancouver kuamua. Tunasema kwamba wenye kilima waulizwe kwanza, na kwamba neno lao liwe na uzito hata likiwa "hapana". Katiba tuliyoipigania imekwisha sema hivyo. Kifungu cha 62 kinaiweka ardhi yenye madini mikononi mwa Serikali ya Taifa kwa amana, kwa niaba ya watu wa Kenya. Amana, ndugu zetu! Mwenye kushika amana hana ruhusa ya kuiuza usiku. Kifungu cha 69 kinataka wananchi washirikishwe katika kuyasimamia mazingira, na faida igawanywe kwa haki. Kifungu cha 71 kinataka mikataba ya kutoa haki za kuchuma maliasili ipelekwe Bungeni kuidhinishwa. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Tuna silaha zote tulizokuwa tukizililia. Kilichobaki ni kuzishika.

Kwa hiyo tunataka mambo manne.

Kwanza, ombi lolote la kuchimba Mrima litangazwe hadharani kabla halijaamuliwa, kwa Kiswahili na Kidigo, katika mabaraza ya wananchi, misikitini na makanisani. Kulitia katika intaneti peke yake na kusema limetangazwa ni kumtangazia aliye na taa na kumwacha aliye gizani.

Pili, tathmini ya athari kwa mazingira itangulie leseni, wala isiifuate. Isomwe mbele ya wananchi pale pale Mrima, pamoja na habari ya thoriamu na mionzi yake, na wanaotaka kuipinga wapewe wataalamu wa kuwasaidia.

Tatu, wenye kampuni halisi wajulikane kwa majina. Kampuni inayomilikiwa na kampuni inayomilikiwa na kampuni ni nyumba ya milango mingi isiyo na mwenyewe. Mwananchi ana haki ya kujua ni nani hasa anayekuja kulichimba kaburi la babu yake.

Nne, afisa anayetoa leseni kinyume cha sheria awajibike yeye mwenyewe mbele ya mahakama. Safari iliyopita leseni ilikufa, kampuni ikashindwa, na walipa kodi wakatishwa. Hatujasikia kwamba mkono uliotia sahihi ulipata hata mkwaruzo.

Na kuhusu faida, tusidanganywe na ahadi tupu. Sheria ya Madini ya 2016 inasema kwamba asilimia 70 ya mrabaha ibaki kwa Serikali ya Taifa, asilimia 20 iende kwa kaunti, na asilimia 10 iende kwa jamii inayokaa machimboni. Katika kaunti hiyo hiyo ya Kwale mgodi wa titani wa Base Titanium ulichimba kwa zaidi ya miaka kumi na kusimama Desemba 2024. Wananchi walingoja miaka mingi kuiona ile asilimia 10 yao. Mwaka huo huo wa 2024, kampuni ya Australia iliyoumiliki mgodi ule ilinunuliwa na kampuni ya Marekani, baada ya wenye hisa wake kupiga kura. Wao walipiga kura kwa siku moja na kulipwa. Aliyelihama shamba lake ili mgodi upite hakupiga kura yoyote.

Basi tufanye nini? Kamati za Haki na Amani za parokia, vikundi vya akina mama, vijana, maimamu na wachungaji wa Pwani, tuanze kwa kuuliza. Tuandike barua rasmi kwa Wizara ya Madini, kwa kuitumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, tuulize ni maombi gani ya leseni yaliyopo juu ya Mrima na ni nani aliyeyaleta. Majibu yakija, yasomwe hadharani. Yasipokuja, ukimya huo nao usomwe hadharani. Twende Mrima tukae na wazee wa kaya, tuwasikilize kabla ya kuwahubiria. Tumwulize kila mbunge wa Pwani kwa jina: mkataba ukifika Bungeni, utausoma kwanza au utainua mkono tu?

Kuna watu watakaotuambia kwamba kwa kuuliza hivyo tunawafukuza wawekezaji. Lakini mwekezaji mwaminifu anahitaji leseni ambayo haitageuka karatasi tupu miaka mitano baadaye. Leseni ya namna hiyo hutolewa mchana tu, mbele ya mashahidi. Anayehitaji giza hana jema alilotuletea, na akienda zake hatutamlilia.

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Mwaka 2013 watu wa Mrima hawakuwapo, na nusura lao lote lisiwepo. Safari ijayo mkutano wa wenye hisa ufanyike kwao, chini ya miti yao, na daftari liwe wazi mezani. Sisi tutakwenda. Na wewe uje.